Kelele ya Kipawa, na ukuta mwembamba unaoizuia

Kama umewahi kukaa Yombo Vituka, Kiwalani au Vingunguti, unaijua ile tabia yetu ya kukata maneno katikati. Unaongea na mtu, ndege inakuja, mnanyamaza wote wawili mkiangaliana, inapita, halafu mnaendelea pale pale mlipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mgeni akitoka Kinondoni hushangaa. Sisi tumezoea.

Mimi sekondari nilisoma upande huo wa Temeke. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na mtindo wake: akisikia ndege inakuja anainua chaki juu, anasubiri, ikishapita anaandika. Siku moja mwenzetu wa dawati la nyuma aliuliza: "Mwalimu, sisi huku chini hatusikilizani. Wale waliomo ndani, jirani kabisa na injini, wanaongeaje?" Darasa lilicheka, kengele ikagonga, swali likabaki hewani. Mimi lilinifuata mpaka chuo. Kwa hiyo msomaji, leo nakulipa wewe deni ambalo si langu.

Hebu tuanze na bati. Bati la geji 30, lile jepesi ambalo wengi tunaezekea, lina unene wa kama milimita 0.3. Ni chuma, kwa hiyo mita moja ya mraba ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Sasa ngozi ya ndege ya abiria ni alumini yenye unene wa milimita 1 hadi 2. Alumini ni nyepesi kuliko chuma karibu mara tatu, hivyo mita moja ya mraba ya ngozi ya milimita 1 ina kilo 2.7. Umeona? Ngozi inayomtenga abiria na injini ina uzito ambao haujapishana sana na bati la jikoni kwa shangazi. Lakini chini ya bati hilo mvua ikinyesha hamsikilizani, na kule juu mtu analala mdomo wazi mpaka Mwanza.

Uzito peke yake haufanyi kazi hiyo. Kuna kanuni ya zamani kwenye fizikia ya sauti: ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, unapunguza sauti inayopenya kwa desibeli 6 tu. Ukitaka kupunguza desibeli 20 kwa njia hiyo, ambayo ndiyo tofauti ya kupigiana kelele na kuongea kistaarabu, unahitaji ukuta mzito mara kumi. Chukua Q400 ya Air Tanzania. Kabini yake ina urefu wa karibu mita 19 na kiwiliwili chake kina kipenyo cha mita 2.69, yaani ukiikunjua ile ngozi unapata kama mita za mraba 160. Ongeza kilo 24 kwa kila mita ya mraba, utakuwa umebebesha ndege tani karibu nne. Hao ni abiria zaidi ya 40 na mizigo yao, kwenye ndege ya viti 76. Hakuna shirika litakalokubali. Kwa hiyo historia nzima ya ukimya ndani ya ndege ni historia ya watu waliokatazwa kutumia uzito, ikabidi watumie akili.

Mwanzoni dawa ilikuwa ni kumkimbiza abiria mbali na kelele. Miaka ya 1920 kabini zilifika desibeli 100 na kupita, na abiria walipewa pamba ya kuziba masikio. Kisha shirika la Uingereza, Imperial Airways, likafungua njia ya Afrika mwaka 1931, na ndege zake kubwa za Handley Page H.P.42, zenye mabawa mawili mawili na injini nne, zikawa zinafika hadi Kisumu. Walichofanya waundaji wake ni rahisi mpaka unatabasamu: abiria waliwekwa mbele na nyuma, na katikati, usawa wa mapangaboi, wakaweka mizigo na choo. Yaani mwenye kusikia kelele yote ni sanduku. Mwaka 1937 njia ilihamia pwani, zikaja ndege za kutua majini za Short, na wakazi wa Dar es Salaam wakaanza kuziona zikitua bandarini, kati ya Mombasa na Lindi, zikielekea Durban.

Wakati huo huo kule Marekani mhandisi mmoja, Stephen Zand, alikuwa amepewa kazi na Douglas ya kutuliza kabini ya ndege yao mpya, ile iliyokuja kuzaa DC-2 na DC-3. Kilichomtofautisha Zand ni kwamba alipima kwanza kabla ya kuziba. Alitaka kujua sauti inaingilia wapi. Akakuta kwamba sehemu kubwa haiji kwa hewa, inatembea ndani ya chuma chenyewe: injini inatikisa bawa, bawa linatikisa mbavu, mbavu zinatikisa sakafu, sakafu inatikisa kiti na aliyekikalia. Basi akaweka mpira kwenye viungo na chini ya viti, akatandika mazulia, akafunga matundu. Na kati ya ngozi ya nje na kitambaa cha ndani akashindilia kitu laini.

Hapo kwenye "kitu laini" ndipo nilipocheka peke yangu maktaba. Moja ya vitu vilivyotumika sana kwenye kuta za ndege za miaka ya 1930 ni sufi. Ndiyo, sufi hii hii ya msufi, ya kwenye mito ya bibi na magodoro ya zamani, ile inayopeperuka kiangazi na kukuganda nywele. Sufi nyingi ya biashara ilitoka Java, lakini msufi wa Pwani ni mti ule ule. Ukiitazama kwa hadubini utaelewa kwa nini waliipenda: kila unywele wake ni mrija mtupu wenye ukuta mwembamba sana, sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Ni nyepesi kupita pamba na hainywi maji kirahisi, ndiyo maana ilijazwa pia kwenye maboya ya kujiokolea. Sauti ikiingia humo, hewa inalazimika kupita kwenye vichochoro maelfu ikisuguana na kuta zake, na nguvu ya sauti inageuka kuwa joto, kidogo kidogo. Ni kama bodaboda iliyoingia vichochoro vya Manzese kwa kasi ya barabara kuu. Haifiki mbali.

Lakini sufi ina dosari moja ambayo fundi magodoro yeyote anaijua: inashika moto kama petroli. Vita vikaingia, Japani ikaiteka Java mwaka 1942, na biashara ya sufi ikakatika. Nafasi yake ikachukuliwa na nyuzi za kioo, ambazo kampuni za Marekani zilikuwa zimeanza kuzitengeneza kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1930. Zinafanya kazi kwa njia ile ile ya vichochoro, ila kioo hakiungui. Mpaka leo ukifungua ukuta wa ndege nyingi utakuta blanketi la nyuzi za kioo lililofungwa ndani ya nailoni nyembamba ili lisilowane. Na hata hiyo nailoni imeshaua watu. Septemba 1998 ndege ya Swissair ilianguka baharini karibu na Kanada, ikaua wote 229, na uchunguzi ukaonyesha moto ulisambaa kwenye karatasi ya plastiki iliyofunika mablanketi hayo. Blanketi halikuungua, gamba lake ndilo liliungua. Kanuni za majaribio ya moto zikabadilishwa.

Turudi nyumbani. East African Airways ilianza kuruka mwaka 1946, mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Ilianza na ndege ndogo za mbao na kitambaa, Dragon Rapide, ambazo kuzungumzia ukimya ndani yake ni utani. Zikafuata Dakota, yaani DC-3, ndege ya Zand. Lakini nyingi za aina hiyo zilizaliwa vitani, na jeshi halikuwa na haja ya mazulia. Ilibidi zivalishwe upya tabaka kwa tabaka kabla ya kubeba mtu aliyelipa nauli.

Hapo ndipo ukuta wa tabaka ulipokomaa, na ni vizuri tuuelewe. Ngozi ya nje. Nafasi ya hewa yenye blanketi. Halafu paneli ya ndani, ile plastiki unayoegemeza kichwa. Ngozi na paneli ni kuta mbili nyepesi, na hewa iliyo katikati inafanya kazi ya springi. Ukuta wa nje ukitikiswa haraka haraka, springi inashindwa kumfikishia mwenzake taarifa kwa wakati. Kila unavyopanda kwenye sauti nyembamba, kuta mbili zinazidi kuushinda ukuta mmoja wenye uzito wao wote wawili. Sharti ni moja, nalo ni gumu: zisigusane. Skrubu moja ya chuma iliyounganisha paneli na ubavu wa ndege inapitisha sauti kama daraja. Ndiyo maana paneli hushikiliwa na vipande vya mpira.

Kuna na siri ya umbo. Chukua kopo tupu la maziwa. Bonyeza kifuniko kwa dole gumba, kinabonyea kwa mlio. Sasa bonyeza ubavuni kwa nguvu ile ile. Bati ni lile lile, ila lililokunjwa duara halikubali kirahisi. Ndege ni kopo. Kwa sauti nzito, duara linaifanya ngozi iwe ngumu kuliko bati bapa, na hiyo ni faida ya bure. Lakini kuna mahali inakugeuka. Mtetemo ndani ya alumini husafiri karibu mita 5,100 kwa sekunde. Kiwiliwili cha Q400 kina mzunguko wa mita 8.5 hivi. Gawanya: mtetemo unalizunguka kopo mara 600 kwa sekunde. Sauti ya nje yenye mitetemo 600 kwa sekunde inakuta kiwiliwili chote kiko tayari kuvimba na kusinyaa nayo, na ukuta unakuwa kama umefungua mlango. Na mitetemo 600 iko katikati ya sauti ya binadamu akizungumza! Ni bahati kwamba hapo ndipo blanketi la nyuzi huwa limeanza kufanya kazi vizuri.

Hesabu za jambo hili zilichelewa. Preston Smith alichapisha uchambuzi wa sauti inayopenya silinda nyembamba mwaka 1957, na mwaka 1976 L. R. Koval akaongeza mambo ambayo ndege hukutana nayo kweli: mwendo, shinikizo la hewa ndani, baridi ya nje. Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Maoni yangu ni kwamba jeti iliwalaza usingizi. Jeti haina pangaboi la kugonga ubavu, na ikishafika juu, kelele kubwa kwenye kabini ni hewa inayosugua ngozi, sauti ya "shhh" ambayo blanketi linaimudu. East African Airways ilipata Comet 4 mwaka 1960, na kuanzia 1966 ikapata Super VC10, zenye injini nne zote mkiani. Waliopanda VC10 waliisifu kwa utulivu, na walikuwa na haki: kelele yote waliiacha nyuma yao.

Waliiacha nyuma yao, yaani waliiacha kwetu. VC10 ilikuwa miongoni mwa ndege zenye kelele kubwa kabisa kwa mtu wa chini. Ukiwa kiti cha mbele unasoma gazeti, ukiwa Kipawa unaziba masikio ya mtoto. Ni ndege moja, ni injini zile zile. Tabaka zote nilizokueleza, blanketi, paneli, mipira, zinamlinda aliyemo ndani ya silinda tu. Hazipunguzi hata chembe ya kinachotoka nje. Sheria ya kimataifa ya kelele ya nje ya ndege, ile Kiambatisho cha 16, ilikuja mwaka 1971, miaka karibu 40 baada ya Zand kuwatandikia abiria mazulia.

Jumuiya ikavunjika, shirika likafa mwaka 1977, na Machi mwaka huo huo likaundwa Air Tanzania. Likaleta Boeing 737-200, zenye injini nyembamba zinazotoa moshi mweusi na ngurumo iliyokuwa ikigonga vioo vya madirisha. Ulaya ilizifungia ndege za kizazi hicho mwezi Aprili 2002 kwa sababu ya kelele. Huku kwetu ziliendelea miaka kadhaa baadaye. Chaki ya mwalimu wangu ilikuwa inaning'inia hewani kwa sababu yao.

Wakati huo, huko duniani, bei ya mafuta ilikuwa imepanda mwaka 1973 na watu wakakumbuka kwamba pangaboi linakula mafuta kidogo kuliko jeti. Shida ya zamani ikarudi. Pangaboi la Q400 lina panga sita, na angani linazunguka mara 850 kwa dakika. Kila panga likipita ubavuni mwa ndege linagonga hewa. Sita mara 850, gawanya kwa 60: kishindo 85 kila sekunde. Hii ni sauti nzito, besi ya kigodoro cha Tandale saa nane usiku, na wimbi lake lina urefu wa mita nne. Blanketi la sentimita kumi haliwezi kulisumbua wimbi la mita nne. Linapita kama halijaona kitu. Kuta mbili nazo kwenye sauti nzito kiasi hicho zinatikisika pamoja kama ukuta mmoja. Majirani wa kigodoro wanalijua hili bila hesabu: maneno ya wimbo huyasikii, besi unaisikia mpaka kwenye godoro.

Jibu lilikuwa limeandikwa zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuua sauti kwa sauti: tengeneza wimbi lililo kinyume, bonde mahali pa kilima, yakikutana yanafutana. Wazo zuri, lakini vifaa vya kulitekeleza havikuwepo. Ilibidi kompyuta ndogo zizaliwe kwanza. Mwaka 1994 Saab 340 ya Sweden ikaanza kuuzwa na mfumo huo, na mwaka 1996 watengenezaji wa Dash 8 wa Kanada wakauweka kwenye ndege zao zote mpya. Maikrofoni zimefichwa kwenye kabini zinasikiliza. Kompyuta inapiga hesabu. Vitetemeshi vilivyofungwa kwenye mbavu za ndege vinatikisa kinyume cha kishindo. Kwa maneno mengine, walipochoka kuziba ukuta, wakaanza kuushika mkono usitetemeke. Na kwa sababu sauti ya pangaboi hujirudia ile ile kila sekunde, kompyuta inaweza kuibashiri. Kelele ya kubahatisha isingekubali.

Ndipo wakaongeza herufi Q mbele ya namba. Ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya kimya. Septemba 2016 Q400 mbili mpya zilipotua Dar es Salaam, tukazipokea kwa shangwe, sidhani kama wengi wetu tulijiuliza hiyo Q ni ya nini. Mimi nilidhani ni toleo, kama simu.

Boeing 787 iliyokuja Julai 2018 imeleta fumbo jipya. Kiwiliwili chake si alumini, ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Ni chepesi na kigumu sana, na kwa masikio huo ni mchanganyiko mbaya: ukuta mwepesi na mgumu hutangaza sauti vizuri, kama ubao wa gitaa. Kwa hiyo tabaka za ndani zimebidi zifanye kazi zaidi, na hapo ndipo tafiti nyingi za sasa zilipo.

Utaniuliza: sasa kwa shangazi, je? Niliulizwa hivyo hivyo na yeye mwenyewe, Yombo, baada ya kunisikia nikijisifu. Nilimwambia ukweli. Silingibodi chini ya bati, na nafasi ya hewa katikati, itasaidia kwa mvua na kidogo kwa ndege, ni kuta mbili zile zile. Asijaze sufi, ni moto. Lakini ndege ni kopo lililozibwa, lina kiyoyozi. Nyumba yake ina madirisha ya nyavu na tundu za hewa juu ya ukuta, na kwa joto la Dar zinapaswa kuwepo. Sauti inapita palipo wazi. Kilichompunguzia kelele kwa kweli kilifanyika kwenye injini: Airbus A220 zilizoanza kuja Desemba 2018 zina injini ambazo feni yake inazunguka taratibu kwa msaada wa gia, na ukisimama uani kwake utaona tofauti na yale madege ya utotoni kwangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ikapita Q400 ikitua, akanyamaza, nami nikanyamaza, ikaisha. "Hiyo ndiyo ya kimya?" akauliza.

Fundi ametaja bei ya silingibodi kwa vyumba viwili. Tunachanga.